Filamu ya Dola 200: Nani Alilipa Zilizobaki?

Unalipa mbao, unakalia mbao. Kibanda cha vidio cha Eastlands, Nairobi, kinaweza kuelezwa kwa sentensi hiyo moja. Sarafu ya shilingi 20 mlangoni, benchi isiyo na mgongo ndani, pazia zito la kuzuia jua na macho ya wasiolipa, televisheni kwenye kabati lenye kufuli, na sauti. Sauti ndiyo hasa watu wanayoilipia. Mchina anapigana, Mhindi analia, Mmarekani analipua daraja, lakini anayezungumza ni DJ Afro, kwa Kiswahili cha mtaani, akimwita shujaa steringi na kututangulizia habari kwamba adui yule siku zake zimehesabiwa.

Anayetazama hajiulizi mbao yake inafika wapi. Mwenye kibanda analipa kodi na stima. Aliyemchomea muvi alilipwa zamani, mara moja. Aliyeitengeneza filamu yenyewe, huko Hong Kong au Mumbai, hajui kama Kayole ipo. Swali hilo halimkoseshi mtu usingizi mpaka siku kijana wa Kayole anapoamua kutengeneza filamu yake. Hapo linageuka swali la unga.

Ili kulijibu, tuhesabu. Tutafungua daftari la mwongozaji wa Afrika Mashariki ambaye bajeti yake imekuwa hadithi duniani, Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, na kuliweka kando ya daftari la babu wa fani hii, Georges Méliès wa Paris. Wametenganishwa na zaidi ya miaka 100, lakini kila mmoja ana hesabu tatu: ya kutengeneza, ya kuuza na ya kuhifadhi. Ya kwanza waliishinda wote wawili. Ya pili iliwasumbua. Ya tatu iliwaangusha.

Dola 200 na kivuli chake

Nabwana alikuwa mfyatua matofali. Mwaka 2005 alianzisha studio nyumbani kwake Wakaliga, akaiita Ramon Film Productions, jina aliloliunga kutokana na majina ya nyanya zake wawili, Rachael na Monica. Mafunzo yake ya kompyuta yalikuwa mafupi. Uhariri alijifundisha mwenyewe. Mwaka 2010 akatoa *Who Killed Captain Alex?*, filamu ya zaidi kidogo ya saa moja iliyojitangaza kuwa ya kwanza ya mapigano nchini Uganda. Ina makomando, majambazi, mabingwa wa kung fu na helikopta inayoilipua Kampala.

Bajeti iliyoripotiwa ni chini ya dola 200. Baadaye ikatajwa hata dola 85. Kwa bei ya dola ya wakati ule, hizo ni kama shilingi 15,000 za Kenya, au 6,500 tukichukua tarakimu ndogo. Kwa dakika 60 na ushei, kila dakika iligharimu takriban shilingi 250, au 110 tu. Mwanafunzi wa Umoja anaweza kusoma tarakimu hizo na kusema: hata mimi naweza.

Anaweza, ila kwanza asome kivuli cha tarakimu. Dola 200 ni pesa zilizotoka mfukoni tu. Kilichotoka kwenye misuli hakikuandikwa. Bunduki za Wakaliga zilitengenezwa na fundi Dauda Bisaso kwa vyuma chakavu, na winchi ya kuinulia kamera pia ilitoka mikononi mwake. Damu ilikuwa ya ng'ombe mwanzoni, kwa kuwa haikugharimu kitu, mpaka mwigizaji mmoja akaugua. Wakahamia rangi ya chakula iliyotiwa ndani ya kondomu na kupasuliwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Kitambaa cha kijani cha kawaida kilitundikwa ukutani, na mbele yake watu wakapigana na helikopta ambayo haikuwepo.

Waigizaji hawakuwa na mshahara. Malipo yao yalikuwa kutembeza DVD za filamu iliyokamilika na kubaki na nusu ya bei. Sasa tufanye mfano, kwa bei zetu za Nairobi. Tuseme watu 30 walifanya kazi siku 20, na kila mmoja angelipwa shilingi 500 kwa siku kama kibarua wa mjengo. Hiyo ni shilingi 300,000. Pesa taslimu zilikuwa 15,000. Kwa kila shilingi moja iliyotumika, 20 zilitolewa na majirani kwa jasho.

Filamu hiyo basi haikuwa rahisi. Ilikuwa ghali, ila aliyelipa sehemu kubwa ni mtaa.

Kilomita 12 za ukanda

Kabla ya kamera za dijitali, hata mtaa mzima ukijitolea usingetosha, kwa sababu kulikuwa na kitu kimoja ambacho jirani hawezi kukuazima: ukanda wa filamu.

Ukanda wa milimita 35 hupita kwenye kamera kwa kasi ya fremu 24 kila sekunde. Dakika moja hula takriban mita 27.4. Filamu ya dakika 90 ni mita 2,469, na hiyo ni iwapo hakuna mwigizaji aliyekosea hata neno. Ukirudia kila tukio mara tano, kiwango ambacho si cha anasa, umetumia zaidi ya kilomita 12. Huo ni kama mwendo wa matatu kutoka mjini hadi Kayole, njia nzima imetandikwa ukanda. Kila mita umeinunua, utaisafisha kwenye maabara kwa dawa, kisha utatoa nakala yake ndipo uone ulichopiga.

Ndiyo maana waongozaji wa mwanzo wa Kenya walihitaji mlango wa taasisi. Sao Gamba alipotengeneza *Kolormask* mwaka 1986, na Anne Mungai alipotoa *Saikati* mwaka 1992, filamu haikuwa kitu ambacho mtu angeanzisha sebuleni. Mungai alitokea Taasisi ya Mawasiliano ya Umma ya Kenya, mahali palipokuwa na kamera, mafundi na ukanda. Kipaji kilikuwa mitaani tangu zamani, ukanda haukuwepo.

Dijitali iliufuta mstari huo kwenye daftari. Kadi ya kumbukumbu hufutwa na kutumika tena. Kurudia tukio mara 20 hakuongezi gharama, isipokuwa uchovu wa mwigizaji. Huo ndio mwanya aliopenya Nabwana, na ndio uliozaa Riverwood, biashara ya filamu za haraka iliyochukua jina lake River Road, hatua chache tu kutoka vituo vya matatu za Eastlands. Lakini ulipofutwa mstari wa ukanda, mstari mwingine uliingia kimyakimya mahali pake. Tutaufikia.

Mwezi wa faranga 10,000

Sasa daftari la pili. Georges Méliès alizaliwa Paris mwaka 1861, mtoto wa mwenye kiwanda cha viatu. Alipopewa fungu lake la biashara ya baba aliwauzia kaka zake, na mwaka 1888 akanunua ukumbi wa mazingaombwe, Théâtre Robert-Houdin. Tarehe 28 Desemba 1895 alikuwa miongoni mwa waliotazama onyesho la ndugu wa Lumière. Alitaka kununua mashine yao, wakakataa. Akaenda kununua mashine London kwa Robert Paul, akaifumua, akajifunza, akajitengenezea kamera. Mwaka 1897 akajenga studio ya kioo kwenye kiwanja cha familia huko Montreuil, yenye urefu wa kama mita 17, ili jua lifanye kazi ya taa bila malipo.

Kati ya 1896 na 1913 alitengeneza filamu zipatazo 500. Maarufu kuliko zote ni *Le Voyage dans la Lune* ya mwaka 1902, safari ya wanazuoni wanaorushwa kwa mzinga hadi jicho la mwezi. Iligharimu faranga 10,000 na miezi mitatu. Urefu wake ulikuwa mita 260, kwa hiyo kila mita ilimgharimu takriban faranga 38. Mita moja ina fremu zipatazo 52, basi filamu nzima ina fremu zinazokaribia 13,700. Kwa kasi ya fremu 16 kila sekunde, hizo ni dakika 14 hivi.

Pesa nyingi zilikwenda kwenye mapambo yanayosogea na maleba ya wakazi wa mwezini, ambayo Méliès alibuni mwenyewe kwa udongo, plasta na maboksi. Wakazi hao walichezwa na wanasarakasi wa Folies Bergère. Nyota zilichezwa na wasichana wa baleti. Mwongozaji alikuwa pia mwandishi, mchoraji wa mandhari na mwigizaji mkuu. Akawa kama Nabwana, mtu mwenye kofia tano na kichwa kimoja.

Nakala isiyo na rangi iliuzwa faranga 560. Ukigawa 10,000 kwa 560, unapata nakala 18. Tukiacha gharama ya ukanda wa nakala zenyewe, mnunuzi wa 18 alirudisha mtaji, na kuanzia wa 19 ilikuwa faida. Nakala ya rangi iliuzwa faranga 1,000, kwa sababu wanawake wa karakana ya Elisabeth Thuillier walipaka rangi kwa mkono, fremu baada ya fremu. Fremu 13,700, na bei inapanda kwa faranga 440. Fikiria malipo ya mpakaji kwa fremu moja, utaelewa kwamba kivuli cha tarakimu hakikuanzia Wakaliga.

Mtindo ni mtoto wa hesabu

Wahakiki wakizungumzia mtindo wa mwongozaji huutaja kama pumzi ya roho yake. Mara nyingi mtindo huanzia kwenye daftari la gharama.

Kamera ya Méliès haisogei. Imesimama pale ambapo angekaa mtazamaji wa ukumbini, kwa sababu yeye ni mtu wa jukwaa na studio yake imejengwa kwa vipimo vya jukwaa lake. Alichokosa katika mwendo alikilipa kwa ujanja wa ukanda: husimamisha kamera, hubadilisha kitu, huendelea, na mtu anatoweka mbele ya macho yako. Katika *L'Homme orchestre* ya mwaka 1900 aliupitisha ukanda uleule kwenye kamera mara saba, akawa bendi ya watu saba peke yake. Wanamuziki saba kwa mshahara wa mmoja, tena hajilipi. Ni sanaa, na ni ubahili wa kiwango cha juu.

Mtindo wa Nabwana nao una mizizi kwenye uhaba. Alipokuwa mtoto hakwenda sinema. Ndugu zake wakubwa walitazama filamu kisha wakamsimulia. Alizijua filamu kwa sikio kabla ya jicho. Haishangazi basi kwamba filamu yake mashuhuri ina msimulizi juu yake, VJ Emmie, anayetania wahusika, anayewashangilia, anayeitangaza filamu ndani ya filamu. Pale ambapo sauti ya kamera ni hafifu, au mwigizaji amechoka, au tukio halikueleweka, msimulizi anaziba pengo kwa kicheko. Moto wa bunduki uliopachikwa kwa kompyuta unaonekana wazi kuwa umepachikwa. Nabwana hakuficha mshono huo. Aliufanya sehemu ya burudani, na vurugu zikawa vichekesho.

Watu wa Eastlands hawahitaji kuelezwa msimulizi ni nani. Kabla DJ Afro hajaingia vibandani, Tanzania ilikuwa na Lufufu wake, na Uganda ilikuwa na ma-VJ wake. Japani ya filamu zisizo na sauti ilikuwa na wasimulizi wa ukumbini walioitwa benshi, wengine maarufu kuliko nyota wa skrini. Hata filamu za Méliès zilipozungushwa kwenye sarakasi na minada ya Ufaransa, alisimama mtu kando ya pazia kuzieleza. Kwa hiyo kibanda cha Kayole hakijachelewa nyuma ya historia ya sinema. Kimeirudia kutoka ukurasa wa kwanza.

Faida ya kihesabu ya msimulizi ni kubwa. Kutafsiri filamu kwa waigizaji wa sauti kunataka watu kumi na studio. Msimulizi mmoja mwenye maikrofoni hufanya sauti za wote, huongeza utani, na filamu ya kigeni inakuwa ya nyumbani kabla ya jioni.

Hesabu ya mlango

Sasa tuje kwenye jeraha. Méliès aliuza nakala jumla: lipa faranga 560, filamu ni yako. Mwenye hema la maonyesho angeionyesha usiku mmoja au usiku 300, Méliès hakuongezewa hata sarafu. Kisha wakaja wa kunakili. *Le Voyage dans la Lune* ilipovuma, nakala zake haramu zilienea Marekani kupitia kampuni za Edison na Lubin. Mwaka 1903 ilibidi amtume kaka yake Gaston afungue ofisi New York ili kulinda haki zake, yaani alilazimika kutumia pesa ili asiibiwe pesa.

Soko likabadilika likawa la kukodisha na la viwanda. Alipoingia katika muungano wa Edison, alitakiwa kutoa futi 1,000 za filamu kila wiki. Hizo ni mita 305. Kumbuka: mita 260 za mwezini zilimchukua miezi mitatu. Mwenye karakana ya mikono alitakiwa kuizidi kazi yake bora kila baada ya siku saba. Mwaka 1911 alichukua pesa za kampuni ya Pathé kwa dhamana ya mali yake. Mwaka 1923 Montreuil ikaondoka mikononi mwake. Miaka michache baadaye alikuwa akiuza vitu vya kuchezea watoto katika kituo cha treni cha Montparnasse.

Tupige hesabu hiyo kwa bei za mtaani. Tuseme kibanda kina viti 40, kwa kawaida nusu hujaa, na kiingilio ni mbao. Onyesho moja huingiza 20 mara 20, yaani shilingi 400. Mwenye kibanda amenunua filamu kwa mchomaji kwa finje, shilingi 50. Akiionyesha mara 100 kwa mwaka, mlango umepokea shilingi 40,000. Mchomaji amepata 50. Mtengenezaji, kama mchomaji hakumnunulia, amepata sifuri; kama alimnunulia, amepata sehemu ya 50. Mwenye kibanda si mwizi wa ajabu. Analipa stima, kodi na mara nyingine mengine yasiyoandikwa. Lakini hakuna njia yoyote ambayo sarafu ya mlangoni inaweza kurudi kwa aliyepiga filamu.

Sheria ipo. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 huilinda filamu kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka ilipotengenezwa au kutolewa. Filamu ya mwaka 2025 inalindwa hadi mwisho wa 2075. Kuichoma huchukua dakika chache. Miaka 50 upande mmoja, dakika chache upande mwingine. Mtengenezaji mwenye akili hapangi biashara yake kwa kutegemea upande wa miaka 50.

Wakaliga walilielewa hilo mapema. DVD iliuzwa kwa bei ya chini ya dola mbili, mkono kwa mkono, nyumba kwa nyumba, haraka kabla wachomaji hawajaamka. Tufanye mfano: DVD shilingi 3,000 za Uganda, nusu ya muuzaji, diski tupu 500. Studio inabaki na 1,000. Kwa dola 200, ambazo wakati huo zilikuwa kama shilingi 400,000 za Uganda, zinatakiwa DVD 400. Ukiwa na siku saba za usalama, ni 57 kila siku. Watembezaji 30, kila mmoja akiuza mbili kwa siku, mtaji umerudi. Hapo ndipo unaona kwa nini mwigizaji ndiye muuzaji: Nabwana alikuwa akijenga kikosi cha mauzo, na kikosi hicho ndicho kilichokuwa kikirushiana mateke mbele ya kamera.

Kisha mlango ukahamia intaneti. Kionjo cha filamu kilisambaa, filamu nzima ikawekwa YouTube na kutazamwa mara mamilioni. Mwaka 2015 studio iliomba wafuasi wake mtandaoni dola 160 za filamu mpya; walichanga zaidi ya dola 13,000, mara 80 ya zilizoombwa, au bajeti 65 za *Captain Alex*. Filamu nyingine ya studio hiyo, *Bad Black*, ilipata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest, Texas, mwaka 2016. *Crazy World* ilionyeshwa Toronto mwaka 2019, na mwaka 2022 Wakaliga ikaalikwa kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya documenta, Kassel, Ujerumani. Haya hayakutokana na kuwazuia wachomaji. Yalitokana na kupata mlango ambao sarafu zake zinarudi nyumbani.

Bajeti ya Kayole

Tumrudie kijana wetu. Anataka filamu ya dakika 30, watu 12, siku sita. Simu nzuri ya kupigia anayo rafiki yake. Tarakimu hizi ni za mfano. Badilisha kila moja kwa bei utakayoikuta sokoni.

– Chai, mandazi, na chapo madondo za mchana: watu 12, siku 6, shilingi 200: 14,400
– Nauli: watu 12, siku 6, shilingi 100: 7,200
– Maleba kutoka mitumba ya Gikomba: 4,000
– Silaha bandia na vifaa vya bati kwa mafundi wa jua kali Kamukunji: 5,000
– Kukodi taa na maikrofoni: 2,000 kwa siku 6: 12,000
– Diski mbili za kuhifadhi: 7,000 kila moja: 14,000

Jumla ni shilingi 56,600. Ada ya leseni ya kupiga filamu hatukuiweka; aiulize mapema, kwa sababu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza inaidai na askari wa mtaani anajua hivyo. Tukiongeza kivuli, yaani watu 12 kwa siku 6 kwa shilingi 1,000, tunapata 72,000. Gharama halisi ya filamu ni 128,600, na zaidi ya nusu yake italipwa na marafiki.

Itarudi vipi? Tuseme anakubaliana na vibanda wagawane mapato ya onyesho nusu kwa nusu. Onyesho la shilingi 400 linampa 200. Kurudisha 56,600 anahitaji maonyesho 283. Akiwa na vibanda 10 vya Kayole, Dandora, Umoja na Mukuru, kila kimoja onyesho moja kwa siku, ni siku 29. Inawezekana. Akitaka kuwalipa na wenzake, ni maonyesho 643, siku 65. Inawezekana kwa shida, na kwa sharti moja: vibanda hivyo 10 visiipate filamu kwa mchomaji siku ya pili. Ndiyo maana faili isikae kibandani usiku. Iende na mtu, ionyeshwe, irudi na mtu. Mita za Méliès hazikumnufaisha sana alipoziuza. Zingemnufaisha zaidi kama angeshika mlango.

Mstari unaokatwa kwanza

Angalia tena ile orodha. Diski mbili ni 14,000 kati ya 56,600, robo ya bajeti. Huwezi kukata chakula, watu watagoma. Huwezi kukata nauli, hawatafika. Bunduki ya bati ndiyo filamu yenyewe. Diski hazionekani kwenye skrini, hazili, hazilalamiki. Kwa hiyo hukatwa kwanza. Huu ndio mstari ulioingia kimyakimya pale ukanda ulipofutwa: zamani kuhifadhi kulijumuishwa ndani ya ukanda wenyewe, kwa kuwa ukiununua umepata kitu cha kuweka kabatini. Dijitali ilipofanya upigaji kuwa wa bure, uhifadhi ukabaki na bei yake.

Nabwana aliukata mstari huo kwa sababu hakuwa na la kufanya. Kompyuta yake ilikuwa moja na nafasi ilikuwa ndogo, basi ili kutengeneza filamu iliyofuata ilibidi afute *Captain Alex*. Toleo la asili, lisilo na msimulizi, halipo tena. Filamu iliyotazamwa na mamilioni ni nakala ya DVD, na sauti ya VJ Emmie imeshikamana nayo moja kwa moja. Hakuna atakayewahi kusikia tena ukimya kati ya risasi zake.

Méliès alipotolewa Montreuil mwaka 1923 hakuwa na pa kuweka ukanda wake. Aliuchoma kwa mkono wake. Kabla ya hapo, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ufaransa lilikuwa limechukua nakala zaidi ya 400 za filamu zake na kuziyeyusha. Baadhi ya seluloidi yake ilitengenezewa visigino vya viatu vya askari. Mali ya viatu ilijenga studio, na studio ikaishia viatuni. Kati ya filamu zake zipatazo 500, zilizobaki ni kama 200.

Lakini 200 hizo zilitoka wapi, kama mwenyewe alichoma? Zilitoka kwa wanunuzi wa nakala waliozionyesha mpaka zikachakaa, kwa wakusanyaji, na kwa walewale walionakili bila ruhusa. Nakala ya rangi ya *Le Voyage dans la Lune* ilijitokeza Barcelona mwaka 1993, ikakarabatiwa kwa miaka zaidi ya 10, ikaonyeshwa Cannes mwaka 2011. *Captain Alex* nayo imenusurika kupitia DVD zilizotembezwa mitaani. Baadhi ya waliozinyima filamu za Méliès mapato ndio waliozipa uhai. Mwizi alikuwa maktaba.

Ni bahati, na bahati si mstari wa bajeti. Kijana wa Kayole akiandika daftari lake, diski mbili aziandike juu kabisa, kabla ya chapo madondo. Moja ikae kwake, na nyingine ikae kwa shangazi aliye mtaa mwingine, mahali ambapo mwizi, moto na mafuriko ya Nairobi haviwezi kufika siku moja. Kisha atoe kile anachoweza kukosa. Bunduki ya bati anaweza kuiazima.